Figo Zenye Haraka

Saa moja asubuhi, Ulaanbaatar. Kipimajoto cha dirishani
kinasema thelathini na mbili chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umelifunika jiji kama kifuniko cha sufuria.
Navua buti, navaa kandambili za wodini,
naosha mikono mpaka viwikoni
ingawa mimi simgusi mgonjwa.
Mimi nagusa tarakimu.

Kitanda cha nne: Ganzorig, miaka ishirini na sita,
dereva wa lori la makaa ya mawe.
Barafu, mtaro, mbavu tano, pafu moja,
kisha mashine ya kupumulia, kisha homa.
Leo siku ya nne ya meropenemu,
na homa haina habari kwamba kuna dawa.

Maabara wameotesha makohozi yake.
Kwenye kisahani kijidudu kinakufa bila ubishi.
Mbona ndani ya mtu hakifi?

Daktari Tumurbaatar hajalala. Anataka silaha nyingine.
"Tupande juu," anasema. "Toa kolistini."
Kolistini tunaificha
kama bibi anavyoficha pesa ya sanda yake.

Nasema: subiri.

Neno dogo. Miaka sita nyuma, nikilisema hapa,
macho yote yalikwenda kwenye mlango wa stoo:
si kule ndiko kwako, kwenye makopo na rafu?
Na kweli ndiko nilikotoka.
Nimehesabu vidonge mpaka ndotoni.

Nifungulieni karatasi ya mkojo.
Lita tano kwa siku moja.
Kreatinini iko chini, chini kama ya mtoto wa shule,
nasi tuliiona, tukaifurahia, tukapiga tiki, tukapita.
Tumezoea kuogopa figo zilizochoka.
Nani huziogopa zenye nguvu?
Lakini za Ganzorig zimeshika ufagio
kama nyumba iliyoambiwa wageni wako njiani:
zinafagia, zinafagia,
na dawa tunayoimwaga kwa nusu saa
inatolewa nje kabla haijavua viatu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba hiki kina tundu.
Basi dozi iwe mara mbili,
na kila dozi iingie kwa saa tatu, pampu ikidondosha
tone, tone,
ili kijidudu kila kikiinua kichwa
kikute mtu mlangoni.

Daktari anatazama dirisha, ananitazama.
"Siku mbili. Zikipita, kolistini."
"Zikipita, kolistini," nakubali,
na tumbo linanikaza, maana hesabu ni yangu
na kifua ni cha mtu mwingine.

Koridoni mama yake amekumbatia chupa ya chai ya maziwa yenye chumvi.
"Wewe nani?"
"Mfamasia."
"Kwani dawa imekwisha?"
"Ipo, mama. Tunaifundisha kukaa."

Thelathini na tisa.
Thelathini na tisa tena; usiku huo sikula.
Thelathini na nane na nusu.
Asubuhi ya pili, thelathini na saba na pointi sita.
Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi Purevdulam
aliandika namba, akaipigia mstari, akaenda kumgeuza mgonjwa.

Siku ya nane nilirudi na ombi gumu kuliko la kwanza:
tuiache.
"Tuiache? Juzi tu alikuwa anachungulia kaburi!"
Ndiyo. Kila dozi isiyo na kazi ni darasa,
na wanafunzi wake tunao humu humu,
kwenye mirija, kwenye masinki, kwenye mikono yetu.
Tulibishana mpaka chai ikapoa.
Pampu ikazimwa.

Ganzorig alipohamishwa wodi ya kawaida
alimshukuru daktari, wauguzi, na anayepiga deki.
Mimi nilikuwa kitanda cha saba,
nikigombana na vankomisini.

Jioni narudi stoo. Nawasha taa, nafungua kabati la chini,
nahesabu maboksi ya kolistini kwa kidole.
Kumi na moja.
Nahesabu tena.
Kumi na moja, kama wiki iliyopita.